Mikono Yangu Ilivyogeuka Muuaji

Mwongozaji alinijia na ombi ambalo mtu mwenye akili timamu angelikataa mlangoni. Alikuwa anatengeneza filamu ya kusisimua ya kisaikolojia kuhusu mpiga piano anayesikia noti zisizosikiwa na mtu mwingine, na usiku, noti zikimzidi kichwani, anaua. Steringi alikuwa keshapatikana: kijana mrefu, mwembamba, macho yameingia ndani kisawasawa. Kasoro yake moja tu, hajawahi kugusa piano tangu azaliwe. "Uso ninao," akaniambia. "Wewe nipe mikono."

Malipo? Kutajwa jina mwishoni mwa filamu. (Lilikuja kuandikwa visivyo, lakini hiyo kesi nyingine.)

Sasa, hiyo mikono. Kupiga inapiga, ila vidole ni vifupi na vinene kama betri za tochi, na kimoja kina pete ya ndoa iliyoingia siku ya harusi na tangu hapo imegoma kutoka. Tulijaribu sabuni. Tulijaribu mafuta. Tukajaribu mafuta juu ya sabuni. Mwisho mwongozaji akatazama saa, akasema aah, nani ataiona?

Kwa kawaida mikono ya mwanamuziki hupigwa picha peke yake, kisha mhariri anaunganisha na uso wa mwigizaji, na mambo yanakwisha. Filamu yetu ikataka "uhalisia": uso na mikono vionekane pamoja, bila kukata. Mbinu ipo, na ni ya zamani. Mwigizaji anaficha mikono yake mgongoni, mwanamuziki anapiga magoti nyuma yake na kupenyeza ya kwake kwenye mikono ya koti. Basi nikapiga magoti, pua imezama ubavuni mwa steringi, napapasa vibonye 88 bila kuona hata kimoja. Yeye alivuja jasho kwa uchungu wa mhusika. Mimi nilivujiwa na hilo jasho lake.

Ukilalamika, mwongozaji anakusomea aya moja tu: Psycho, filamu ya kutisha ya Alfred Hitchcock, 1960. Bajeti ndogo, picha nyeusi na nyeupe, na Bernard Herrmann kaandika muziki wote kwa ala za nyuzi peke yake, tarumbeta hata ya kusingiziwa hakuna. Tena Hitchcock mwenyewe alitaka mauaji ya bafuni yapite bila muziki, Herrmann ndiye aliyeyatilia zile fidla zinazopiga mayowe. Ukata huzaa sanaa, ndiyo ilikuwa hoja. Sikumkumbusha kwamba ukata wa Hitchcock ulikuwa wa dola laki nane hivi. Sisi tulikuwa na taa mbili, na moja ni ya kusomea.

Siku ya onyesho la majaribio watu wakajazwa ukumbini, kila mmoja na fomu yake ya maoni. Nikajichimbia katikati, gizani, karibu na mama mmoja wa makamo aliyeshikilia mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba muuaji anatafuta pochi.

Mauaji ya kwanza, ukumbi ukaangua kicheko. Marehemu alikohoa. Mauaji ya pili wakacheka kabla hata hayajatokea, na nikamsikia mwongozaji kule nyuma akivuta pumzi kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha, katikati ya kicheko, sauti ikauliza:

"Mbona akipiga piano ana pete, akisimama hana?"

"Kaivua."

"Saa ngapi?"

Kimya. Halafu kutoka safu ya nyuma, kwa utulivu wa hakimu: "Hizo nafsi mbili. Mwenye pete ndiye muuaji."

Jamani. Ukumbi mzima uligeuka. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka tena, na kila pete ilipotokea watu waliguna. "Tazama, hata vidole vinavimba!" mmoja akanong'ona. "Ni hasira hiyo," mwenzake akamjibu. Vidole nilivyorithi kwa baba yangu vikawa dalili ya ugonjwa wa akili.

Ikafika sehemu ya mwisho. Steringi anapiga ule wimbo wake, polepole, mwanga wa skrini ukitumulika mpaka vitini. Na mimi, wapiga piano wenzangu mtanielewa, wimbo ninaoujua siwezi kuusikiliza vidole vikiwa vimetulia. Vikaanza vyenyewe, taratibu, juu ya mkono wa kiti. Pamoja kabisa na vya kwenye skrini.

Yule mama akainamisha macho. Akatazama skrini. Akainamisha tena.

Yowe alilotoa, Herrmann angelinunua. Wa mbele wakapiga kelele bila kujua kwa nini, wa nyuma wakawaunga mkono, jamaa mmoja akaruka viti viwili akaacha kiatu. Mtu akawasha taa. Nami nikafanya jambo baya kuliko yote: nikainua mikono juu kuonyesha kwamba sina neno.

"Ndiye!" wakapaaza sauti. "Pete ile!"

Ilibidi mwongozaji aje kunitambulisha, akifuta machozi, na hayakuwa ya huzuni. Filamu ikamaliziwa viti vyote vinavyonizunguka vikiwa vitupu.

Kwenye maswali na majibu akaulizwa kuhusu pete. Akakohoa, akarekebisha kola. "Nilikuwa nasubiri nione nani atakuwa wa kwanza kuigundua." Wakampigia makofi. Magoti yangu bado yalikuwa na alama za sakafu.

Fomu tulizisoma pamoja baadaye. Ya yule mama niliitambua kwa mwandiko unaotetemeka. Sehemu iliyokutisha zaidi: *kiti cha kushoto kwangu*. Je, utawashauri wengine waione filamu hii? *Ndiyo, ila waulize kwanza yule mtu kakaa wapi.*