Tangazo la Ugunduzi ni Nusu ya Habari

Ukifuatilia namna habari za sayansi zinavyowafikia wasomaji wa Kiswahili, utaona kuwa karibu zote huishi siku moja, nayo ni siku ya tangazo. Watafiti wamebaini, chanjo imepatikana, dalili za uhai zimeonekana kwenye sayari nyingine, kisha kimya. Yanayofuata, pale wataalamu wengine wanapolichukua dai hilo na kujitahidi kwa kila njia kulibomoa, hayaandikwi kabisa au huandikwa kwa mistari miwili chini ya ukurasa. Kwa maoni yangu nusu tunayonyimwa ndiyo yenye thamani, na mwandishi wa habari za sayansi anapaswa kujiuliza maswali mawili kabla hajatunga kichwa cha habari: ni nani mwingine anayeweza kulipima dai hili, na itamchukua muda gani?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa LK-99. Tarehe 22 Julai 2023, kundi dogo la watafiti wa Seoul, Korea Kusini, liliweka mtandaoni maandiko mawili ambayo hayakuwa yamepitiwa na wahakiki, likidai kuwa limetengeneza kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida na kanieneo ya kawaida ya hewa, tena hadi kufikia nyuzi 127 za Selsiasi. Vitu vinavyopitisha umeme kwa namna hiyo vimejulikana tangu mwaka 1911, ila vyote huhitaji baridi kali mno au mgandamizo mkubwa kupita kiasi, na ndiyo sababu havijaingia kwenye nyaya za umeme za mitaani. Vitu vya aina hiyo pia huweza kuelea juu ya sumaku, na pamoja na maandiko hayo ilisambaa video ya kipande kidogo cheusi juu ya sumaku, upande mmoja umeinuka hewani na upande wa pili ungali umegusa chini. Mamilioni ya watu waliitazama, na wengi walikwisha kuhesabu faida ya treni zinazoelea kabla mtu yeyote hajauliza kwa nini kipande chenyewe kinaelea nusu.

Bahati nzuri, kitu hicho kilikuwa rahisi kutengeneza. Malighafi yake ni misombo ya risasi, shaba na fosforasi, inayosagwa, kuchanganywa na kuokwa kwenye tanuri, kazi ambayo maabara nyingi za vyuo vikuu zinaiweza. Ndani ya wiki chache maabara za China, India, Marekani na Ulaya zilikuwa zimekioka. Waliosoma maandiko ya awali kwa makini waligundua kuwa ukinzani ulishuka ghafla karibu na nyuzi 104, na kwamba joto hilohilo ndilo ambalo mchanganyiko wa shaba na salfa, uchafu uliobaki kutokana na njia ya utengenezaji, hubadili muundo wake wa ndani. Taasisi ya Max Planck iliyoko Stuttgart, Ujerumani, ikatengeneza fuwele safi zisizo na salfa kabisa. Zikatoka angavu, zenye rangi ya zambarau, na badala ya kupitisha umeme zikauzuia. Kuelea nusu kukaelezwa kuwa ni usumaku wa kawaida pamoja na umbo la kipande chenyewe. Kufikia katikati ya Agosti jambo lilikuwa limekwisha.

Wapo waliosema kisa hicho ni aibu kwa sayansi. Mimi naona kinyume chake. Dai kubwa liliwekwa hadharani pamoja na namna ya kulitengeneza, watu wasiojuana wakalijaribu, na jibu likapatikana kabla ya mwezi kuisha, tena jibu lenye maelezo ya wapi hasa macho yalidanganyika. Aibu, kama ipo, ni ya vyombo vya habari vilivyotangaza zama mpya ya nishati mwezi Julai na kusahau habari hiyo mwezi Agosti.

Wanaoshughulika na usalama wa kompyuta wamekwenda mbali zaidi, kwa maana wao hawasubiri ubomoaji utokee wenyewe, wanaualika. Mwaka 2016 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliwaita wanahisabati wa dunia nzima kuleta mbinu mpya za usimbaji fiche, yaani kugeuza ujumbe usisomeke na asiyehusika, ambazo hazitavunjwa na kompyuta za kwantamu za siku zijazo, zenye namna tofauti kabisa ya kukokotoa, kisha mapendekezo yote yakawekwa wazi ili kila mwenye uwezo ayashambulie. Mojawapo liliitwa SIKE. Wazo lililoizaa lilikuwa limechunguzwa tangu 2011 bila kuonyesha ufa wowote mkubwa, na mwezi Julai 2022 lilipitishwa kwenda duru ya nne ya uchunguzi. Kabla mwezi huo haujaisha, Wouter Castryck na Thomas Decru wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walionyesha kuwa toleo lake mojawapo huvunjika kwa takriban saa moja kwenye kiini kimoja tu cha prosesa ya zamani. Silaha yao kuu ilikuwa nadharia ya mwaka 1997 ya mwanahisabati Ernst Kani, iliyoandikwa katika hisabati tupu, mbali kabisa na mambo ya siri za kompyuta. Mapema mwaka huohuo Ward Beullens alikuwa ameivunja mbinu nyingine ya shindano hilo, Rainbow, kwa kompyuta mpakato ya kawaida iliyofanya kazi mwisho mmoja wa wiki.

Kinachonivutia hapa ni kwamba hakuna aliyetahayari. Waliobuni SIKE walikubali kuwa imevunjika na si salama kutumiwa, nao waliovunja wakasifiwa kama watu waliofanya kazi inayostahili heshima sawa na ya ubunifu. Agosti 2024 taasisi hiyo ilitoa viwango vitatu vya kwanza, ambavyo tunaviamini kwa sababu miaka mingi ya mashambulizi ya hadharani haikuviangusha. Usimbaji fiche ndio unaolinda hela tunazohamisha kwa programu za benki kwenye simu, na mimi ningekuwa na wasiwasi mkubwa kama ungechaguliwa kwa sifa za wabunifu wake.

Si kila fani inaweza kwenda kwa kasi hiyo. Septemba 2020 Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walitangaza kuwa wameona alama ya gesi ya fosfini katika mawingu ya Zuhura, kwa kutumia darubini za mawimbi ya redio zilizoko Hawaii na Chile. Kwa kuwa hapa duniani fosfini huhusishwa na vijidudu na viwanda, vichwa vya habari viliruka moja kwa moja hadi kwenye uhai. Darubini ya ALMA iliyoko Chile ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hivyo waliotaka kulipima dai hilo walibaki kuchambua upya takwimu zilezile. Ikabainika kuwa takwimu za ALMA zilikuwa na kasoro ya urekebishaji wa vipimo. Zilipochakatwa upya, watafiti wenyewe walishusha sana kiwango walichokuwa wametaja, huku wengine wakidai kuwa alama hiyo yaweza kuwa ya salfa dioksaidi, gesi ambayo Zuhura inayo tele. Mjadala haujafungwa. Mwandishi mwaminifu angesema hivyo tu: haujafungwa.

Katika afya swali la muda huuma kweli, kwa sababu anayesubiri jibu ni mgonjwa. Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya kutosubiri. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi alitangaza Kemron, dawa ya dozi ndogo ya interferoni, protini ya kinga ya mwili, iliyotokana na kazi ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kuwa ufumbuzi dhidi ya UKIMWI. Matumaini yalivuka mipaka hadi Marekani. Majaribio makini yaliyofuata, likiwemo la Uganda lililolinganisha dawa hiyo na kidonge kisicho na dawa ndani yake, hayakuona nafuu yoyote.

Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipita njia nyingine. Kazi yake ilianza miaka ya 1980, na jaribio lake kubwa la 2009 hadi 2014 liliwahusu watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe upande wa Tanzania na wa Kilifi upande wa Kenya. Kwa watoto waliochomwa dozi nne kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, matukio ya kuugua malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika kipindi cha takriban miaka minne. Wapo walioidharau takwimu hiyo. Lakini mtoto wa maeneo yenye malaria nyingi huugua mara kadhaa kabla hajaanza shule, kwa hiyo theluthi inayopunguzwa ni safari nyingi za zahanati na usiku mwingi wa homa.

Jaribio hilohilo lilionyesha pia jambo la kutia shaka: wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo walionekana wengi zaidi miongoni mwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana vilevile. Yawezekana ilikuwa sadfa, ila hakuna aliyeweza kuapa. Shirika la Afya Duniani likataka chanjo ijaribiwe kwanza katika huduma za kawaida za kliniki huko Ghana, Kenya na Malawi. Utoaji ulianza 2019, shaka hizo hazikuthibitika, na Oktoba 2021 shirika likaipendekeza.

Nimesikia wanaosema kuwa miaka hiyo ilipotezwa wakati watoto wanakufa, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo wanachanganya mambo mawili. Miaka miwili na ushee ya kuangalia maelfu kwa maelfu ya watoto kliniki ilikuwa kazi halisi ya kupima, na bila hiyo uvumi wa kwanza kuhusu uti wa mgongo ungeiua chanjo kijiji kwa kijiji. Miaka iliyotangulia, kati ya 2015 na dozi ya kwanza ya 2019, sehemu yake kubwa ilikuwa ya maandalizi na kutafuta wafadhili. Hiyo ndiyo inayostahili lawama, nayo lawama ielekezwe kwa wenye mafungu ya fedha, zikiwemo serikali zetu ambazo hutenga kidogo mno kwa utafiti wa ugonjwa unaoua watoto wao.

Ningependa kuona gazeti moja tu la Kiswahili likitenga nusu ukurasa kila mwezi kwa matangazo ya sayansi ya miaka miwili au mitatu iliyopita: lipi limesimama, lipi limeanguka, lipi bado linapimwa na nani anayelipima. Toleo la kwanza lingeweza kuanza na R21, chanjo ya pili ya malaria iliyopendekezwa Oktoba 2023, ambayo nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Kilifi, na kueleza kinga yake inadumu muda gani baada ya dozi ya nne.