Uso wa mepo, unene wa nusu milimita

Kwenye ukuta wa duka la magitaa ya umeme, jicho hukimbilia kwanza yale yenye uso wa mbao za maua, yaani mistari kama miali ya moto inayohama kila gitaa linapogeuzwa kwenye mwanga. Mara nyingi mbao hiyo ni mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Nyuzinyuzi zake zimekua kwa mawimbi, hivyo ikipasuliwa, sehemu moja huakisi mwanga na jirani yake huumeza. Kwenye magitaa ya bei kubwa uso huo ni ubao kamili wenye unene wa zaidi ya sentimita moja. Kwenye magitaa mengi ya Epiphone, chapa ya bei nafuu ya kampuni ya Gibson, na kwenye magitaa ya SE, yale ya bei nafuu ya kampuni ya PRS, kwa kawaida ni vinia, yaani tabaka la nusu milimita hivi lililobandikwa kwa gundi juu ya mbao isiyo na maua. Wapigaji wengi wanaiita vinia hiyo udanganyifu. Naona lawama hiyo imempata asiyehusika, ingawa si kila hoja yao ni ya kutupwa.

Hoja ya sauti ndiyo hutangulizwa, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Bodi ya Les Paul, gitaa maarufu la Gibson, ina unene wa sentimita tano hivi. Vinia ni kama sehemu moja kwa mia ya unene huo. Vinasa sauti vya sumaku husoma mtikisiko wa nyuzi za chuma. Watu bado wanabishana kama mbao ya bodi nzima inabadilisha sauti ya gitaa la umeme, lakini hata ukikubali kwamba inabadilisha, tabaka jembamba hivyo halina la kuongeza wala kupunguza. Isitoshe, gitaa la ES-335 ambalo Gibson walilitoa mwaka 1958 lina uso na mgongo wa plaiwudi, tabaka za mepo na popla zilizobanwa pamoja. Mwanamuziki wa blues B.B. King alipiga miaka na miaka ES-355, ndugu wa gitaa hilo, na sauti yake haikupungukiwa kitu.

Hata mapenzi yenyewe ya maua yalikuja baadaye. Les Paul ya mwaka 1952 ilikuwa na uso wa mepo, lakini umefunikwa na rangi ya dhahabu. Mwaka 1958 Gibson wakaweka rangi inayopenya mwanga, nyekundu pembeni na njano katikati, mbao ikaanza kuonekana. Baadhi ziliwaka maua, nyingine zilikuwa tupu kabisa. Hazikununuliwa sana, na mwaka 1961 umbo hilo likabadilishwa. Leo gitaa moja la miaka ile linauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. PRS, iliyoanza mwaka 1985, ikaufanya uso wenye maua kuwa alama yake, na anayetaka uso wa daraja la juu huongeza fedha.

Na mbao hiyo ni adimu. Huwezi kuwa na hakika kama mti una maua mpaka uukate, au uubambue gome. Kwenye misitu ya jimbo la Washington, Marekani, wezi hufanya hivyo kwa mepo wa majani makubwa: wakikosa wanachotaka, wanauacha mti na jeraha. Mwaka 2018 moto uliounguza hekta 1,300 hivi katika msitu wa taifa wa Olympic ulihusishwa na wizi wa mepo. Kesi ilipofika mbele ya baraza la mahakama mwaka 2021, vinasaba vya miti vilitumika kuonyesha kwamba mbao zilizouzwa zilitoka kwenye visiki vya msitu ule. Ubao unaotosha uso wa gitaa moja ungetoa vinia za magitaa zaidi ya ishirini, na kisu cha vinia hakipotezi unga kama msumeno. Kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Lakini fundi wa matengenezo ana malalamiko ya haki. Ubao kamili ukikwaruzwa unapigwa msasa, unapakwa vanishi upya, basi. Kwenye vinia, msasa ukizidi kidogo pale uso unapopinda kuelekea ukingoni, mbao ya chini inatokeza na hakuna namna ya kuirudisha. Gundi nayo ikipenya juu wakati wa kubandika huacha madoa meupe yasiyoshika rangi. Tena vinia haipendi kupindwa pande mbili kwa pamoja, ndiyo maana magitaa mengi ya aina hii yana uso ulionyooka kuliko ule wa kuchongwa. Anayetaka gitaa la kumrithisha mwanawe ana sababu ya kulipia ubao kamili.

Udanganyifu upo, ila uko kwenye maelezo ya muuzaji. Kuandika “uso wa mepo wa miali” bila kutaja vinia, kisha kupandisha bei, ni kumnyima mnunuzi habari anayoihitaji. Katika miaka ya 1990 baadhi ya magitaa ya Fender yaliyotengenezwa Japani yaliuzwa yakiwa na picha ya maua ya mbao badala ya mbao yenyewe, lakini angalau jina lenyewe, Foto Flame, lilisema wazi. PRS nao huandika kwenye maelezo ya SE kwamba ni mepo yenye vinia ya mepo wa miali, na magitaa hayo yananunuliwa vilevile.

Kwa gitaa lililokwisha kutumika, usitegemee maneno. Tazama ukingo, kama haujafunikwa na utepe: mistari ya ubao kamili hushuka hadi ubavuni, ya vinia hukatikia juu. Ukiruhusiwa, fungua skrubu za kinasa sauti uchungulie ndani ya tundu. Tabaka la vinia linaonekana pale kama mstari mwembamba sana. Ukiuona, gitaa bado linaweza kuwa zuri. Bei ndiyo ya kujadili upya.