Wenye Nguvu Asubuhi, Waongo Jioni

"Asubuhi mzima, jioni mgonjwa. Ugonjwa gani huo una ratiba?" Hayo aliyasema mwalimu mmoja ofisini kwao, mbele ya wifi yangu, na wenzake wakacheka. Wifi naye amekaa pale jicho la kushoto limefumba nusu, hata nguvu za kumjibu hana. Nimesimuliwa juzi na bado nimefura, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Ndiyo, mwalimu, upo ugonjwa wenye ratiba. Unaitwa miasthenia gravis. Kadiri mgonjwa anavyotumia misuli ndivyo inavyomgomea. Akipumzika, nguvu zinarudi. Kipindi cha kwanza wifi anaandika mpaka juu kabisa ya ubao. Kufika mchana chaki imeshashuka usawa wa kifua, na watoto wa nyuma wanalalamika hawaoni. Jioni sauti inatokea puani, taya linachoka ugali haujaisha, na bodaboda moja barabarani yeye anaona mbili.

Sasa, hospitali huwa tunakwenda saa ngapi? Alfajiri, kuwahi foleni! Mtu katoka kulala, kapumzika tena kwenye benchi, ndipo anaambiwa: "Nibane mkono. Kaza. Haya, nguvu unazo, mama, punguza mawazo." Anaandikiwa vitamini, anarudi nyumbani na cheti cha uongo mtupu machoni pa ukoo mzima. Haya, ugonjwa ni wa nadra na foleni imefika getini, hilo nawapa. Lakini kumwambia mgonjwa atazame dari kwa dakika moja bila kushusha macho kunagharimu nini? Kope likianza kuporomoka, umeshapata pa kuanzia. Au funga barafu kwenye kitambaa, iweke juu ya kope lililolegea kwa dakika mbili hivi, uone kama litapanda. Barafu, jamani! Hiyo hiyo wanayouza watoto mtaani kwenye vifuko. Vipimo vya gharama vifuate baadaye: damu itafutwe kingamwili (askari wa kinga ya mwili), neva zisisimuliwe kwa umeme, kifua kipigwe picha ya CT, maana takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hukutwa na uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua.

Kwa wale wa "karogwa": ni kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe. Kwa wengi wao, kingamwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, pale neva inapokutana na msuli. Amri inatumwa, msuli unaipata nusunusu. Hauambukizi, na mganga hana cha kutoa hapo zaidi ya bili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, hospitalini Greenwich, London, aliona wagonjwa hawa wanafanana na watu waliopewa kurare, sumu inayolegeza misuli. Akamchoma mgonjwa wake fisostigmini, dawa inayotumika dhidi ya sumu hiyo, na kope likainuka. Leo kuna vidonge vya piridostigmini vya kuipa misuli nguvu, kuna dawa za kutuliza kinga, na wengine hutolewa ile tezi wakapata nafuu kubwa.

Halafu kuna maduka yetu ya dawa. Sipro, azithromaisini, sindano ya gentamisini, kwinini: vitu tunavyogawiana kama pipi, na kila kimoja kinaweza kumzidishia mgonjwa huyu udhaifu. Wifi anatembea na karatasi ya majina hayo kwenye pochi. Muuzaji mmoja aliitazama akasema, "Dada, hii mbona ya kawaida, wote wanatumia." Wote, ndiyo. Yeye, hapana.

Na mkimwona mgonjwa wa aina hii anashindwa kumeza mate, au anahema akilala chali, msingoje kupambazuke. Mpelekeni usiku huohuo penye mashine ya kupumulia, na hiyo karatasi mkononi.