Hisa 27 za Shell na haki ya kuisemea kampuni

Mahakama Kuu mjini London ilipoikataa kesi ya ClientEarth iliyowalaumu wakurugenzi 11 wa kampuni ya mafuta ya Shell kwa namna walivyoishughulikia hatari ya tabianchi, Mei 2023 na tena Julai, wengi walishika jambo moja: shirika hilo la kutetea mazingira lilikuwa na hisa 27 tu. Jaji Trower, aliyeiamua kesi hiyo, mwenyewe aliupa uchache huo uzito, akaona ni dalili kwamba mdai ana ajenda yake na hatafuti mafanikio ya kampuni.

Wakurugenzi wana hoja ya haki. Kifungu cha 172 cha Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya 2006 kinamtaka mkurugenzi atende lile ambalo yeye, kwa nia njema, anaamini litaifanikisha kampuni kwa faida ya wanachama wake wote, yaani wanahisa, na takriban 80% ya kura za wanahisa mwaka 2022 ziliunga mkono mwelekeo wa Shell kuhusu nishati. Jaji hakuteuliwa kupanga uwekezaji wa mafuta na gesi.

Lakini zile hisa 27 zilistahili kusomwa kinyume. Kesi ya namna hii hufunguliwa kwa niaba ya kampuni, kwa kuwa wanaolalamikiwa ndio walioshika usukani na hakuna anayejishtaki. Fidia ikipatikana, huingia katika mfuko wa kampuni, si wa mdai. Kwa hiyo mwenye hisa chache ndiye asiye na cha kujinufaisha, ilhali gharama za kesi zikimwangukia, kama zilivyoiangukia ClientEarth, hulipa peke yake. Bunge la Uingereza lingetaka kiwango cha chini cha hisa lingekiandika, halikukiandika. Tena wawekezaji wenye hisa zaidi ya milioni 12 waliiunga mkono kesi hiyo (nazo, kusema kweli, ni chache mbele ya mabilioni ya hisa za Shell), na bado ikaishia hatua ya awali, kabla wakurugenzi hawajahojiwa kizimbani juu ya namna walivyoipima hatari ya tabianchi.

Kenya ina sababu ya kuifuatilia hukumu hii, maana kifungu cha 143 cha Sheria yake ya Makampuni ya 2015 kimefuata kile cha 172, pamoja na sharti la kuzingatia athari kwa jamii na mazingira. Hukumu ya London haizifungi mahakama za Nairobi, ila mawakili wa makampuni hawatakosa kuinukuu, na hoja ya uchache wa hisa ndiyo inayofaa kupingwa kwanza.