Kinga ya riba ikileta hasara, je, imeshindwa?

Marekani mtu anakopa fedha za nyumba kwa riba isiyobadilika kwa miaka 30. Riba ya soko ikishuka, analipa deni lote mapema na kukopa upya, mara nyingi bila faini. Uhuru huo ni mzuri kwake, lakini mzigo wake uko kwa mkopeshaji, na mchambuzi wa kinga ya riba, yaani ya mauzo yanayofidia hasara riba ikibadilika, ndiye anayetakiwa kuupima kila siku.

Tuseme mezani kwake kuna ahadi za mikopo ya dola milioni 100: riba imekubaliwa, mikataba haijasainiwa. Anakadiria milioni 80 zitafika kwenye sahihi, basi anauza kwa bei ya leo, ili azikabidhi baadaye, hatifungani za mikopo ya nyumba (hati zinazolipwa kutokana na marejesho ya wakopaji) za kiasi hicho. Riba ikipanda, ahadi za mikopo zinapoteza thamani na mauzo yale yanafidia. Riba ikishuka ghafla, wateja wanamkimbia kufuata bei nafuu. Milioni 80 zinakuwa 65, na kinga imezidi kile inachokikinga.

Wanaolalamika kwamba kinga huleta hasara hawasemi ovyo. Machi 2020 Benki Kuu ya Marekani ilinunua hatifungani hizo kwa kiasi kikubwa mno, bei zikaruka. Wakopeshaji waliokuwa wamejikinga, yaani walioahidi kuuza kwa bei ya chini ya awali, walidaiwa fedha taslimu papo hapo kufunika pengo hilo, wakati faida ya mikopo yenyewe ingepatikana wiki kadhaa baadaye. Hesabu zao zilikuwa sahihi, na bado wakajikuta wanatafuta fedha huku na huko.

Hata hivyo, kukaa bila kinga kumeumiza zaidi. Mwaka 2022, riba zikipanda, benki ya Marekani Silicon Valley Bank iliondoa sehemu kubwa ya kinga zake, ikihofia kwamba riba zingeshuka na kupunguza mapato. Ilikuwa imejaza hatifungani za muda mrefu, nyingi za mikopo ya nyumba, ambazo bei yake hushuka riba ikipanda. Machi 2023 ilitangaza kuwa imeuza baadhi yake kwa hasara ya dola bilioni 1.8; siku iliyofuata wateja wakaomba kutoa bilioni 42, na benki ikafungwa.

Mimi niko upande wa kinga, kwa sharti moja. Mabosi wengi husoma mstari wa hasara ya kinga peke yake, wakamlaumu mchambuzi. Mstari huo usomwe pamoja na thamani ya mikopo iliyokingwa, na chini yake iandikwe fedha taslimu zitakazohitajika bei zikiruka kama Machi 2020, na mahali zitakapotoka.