Majani ya mawe hayatoshi kutupa umri wa Rusinga

Kisiwani Rusinga, ng'ambo ya Mbita, miamba imehifadhi matunda, mbegu na majani yaliyogeuka mawe. Swali linalozua ubishi ni hili: tukikuta mimea ileile katika tabaka za mahali pengine, tuseme Koru, nako magharibi mwa Kenya, tuna haki ya kuzihesabu kuwa za wakati mmoja?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Majani ya Glossopteris yametapakaa katika miamba ya kipindi cha kale cha Permia kuanzia India hadi Afrika Kusini, Australia na Antaktika, na mmea wenyewe ulitoweka takriban miaka milioni 252 iliyopita. Kwa jani hilo, wanajiolojia wameoanisha tabaka ambazo leo zimetenganishwa na bahari. Chavua nayo ina sifa ambayo mfupa hauna: upepo huimwaga ziwani na nchi kavu kwa msimu mmoja, na ganda lake ni gumu kuoza.

Lakini Glossopteris iliondoka moja kwa moja. Msitu wa Nyanza wa enzi ya Miosini (takriban miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita) haukufanya hivyo; mvua ikipungua ulirudi nyuma, mvua ikizidi ulisonga mbele. Kwa hiyo mbegu zinazofanana zaweza kuwa ushahidi wa mvua inayofanana tu, na kati yake pakapita mamilioni ya miaka. Tazama Koru na Fort Ternan. Ni majirani, mwendo mfupi kwa matatu, ila visukuku vya Koru vinakaribia miaka milioni 20 na vya Fort Ternan ni kama milioni 14. Pengo hilo limejulikana kwa miamba ya volkano, ambayo potasiamu yake hugeuka gesi ya agoni kwa kasi inayopimika. Umri wa Rusinga nao umejulikana kwa miamba ya volkano ya kale ya Kisingiri.

Nyasi ndizo zinazonitia shaka zaidi. Iliaminika kwamba nyasi za C4, zile za savana, zilishamiri Afrika baada ya miaka milioni 10 iliyopita. Mwaka 2023 utafiti katika jarida la Science ulionyesha zilikuwepo kwa wingi Kenya na Uganda zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Aliyezitumia kama alama ya umri angekosea kwa miaka milioni 10!

Hata hivyo, pasipo na majivu ya volkano yanayopimika, chavua na majani ndiyo tuliyo nayo. Ningeanzia Kabarsero, vilima vya Tugen kaskazini mwa Nakuru, ambako majani ya miaka milioni 12.6 yamezikwa na majivu yenyewe. Tabaka za namna hiyo zikiwa nyingi, mmea mmojammoja unaweza kupimwa kama unafaa kuwa alama ya wakati, kabla hatujaukabidhi kazi hiyo kwingine.