Ramani ya kijiji isiyojua masika

Karatasi ilitandazwa chini ya mgunga, ikawekewa mawe manne pembeni upepo usije ukaibeba. Kijani ilikuwa mashamba, njano malisho, na nyekundu, kando ya barabara, viwanja vya makazi na biashara. Kijiji chenyewe kiko upande wa Monduli, ukishapita Makuyuni kutoka Arusha. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona ncha ya fimbo ya mzee mmoja ikitua katikati ya ule wekundu, pale palipochorwa korongo.

"Hapa tembo wanapita," alisema. "Mvua zikianza wanatoka, zikiisha wanarudi. Mimi nimelala hapa nikiwa layoni." Layoni ni kijana mchungaji wa Kimaasai.

Mtaalamu aliyeleta ramani akamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, kwenye picha hapaonekani kitu." Hakusema uongo. Picha yake ya satelaiti ilikuwa ya kiangazi. Mkutano ukapitisha mpango. Misimu miwili baadaye mahindi yaliyolimwa nyuma ya viwanja vile yalilala chini usiku mmoja, na mama mwenye shamba akaanza safari za kufuatilia kifuta jasho, fedha ambayo serikali humpa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Nilikwenda kuona. Nyayo zilikuwa pana kama sinia, na zote zimefuata korongo lile lile.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja: ramani ya makazi ya wanyamapori iwe mezani kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa, na iwe ya misimu yote. Kwenye mipango yetu neno "makazi" limebaki na maana moja, nyumba za watu. Nyumbu naye ana makazi, ila yake yanahama.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ina takriban kilomita za mraba 2,850, na uhai wake wa kiangazi ni mto. Mvua zikinyesha nyumbu na pundamilia wanautoka, wengine kwenda tambarare za Simanjiro, wengine kaskazini kuelekea Ziwa Natron. Hawaendi kutembea tu. Majani ya Simanjiro yana madini ya fosforasi mengi kuliko yale ya hifadhini, na nyumbu anayenyonyesha anaihitaji sana. Mkulima ukimweleza hivyo anaelewa papo hapo, maana ni fosforasi hiyo hiyo anayoinunua kwenye mfuko wa mbolea ya Minjingu. Hugh Lamprey, mkuu wa kwanza wa chuo cha wanyamapori cha Mweka pale juu ya Moshi, aliandika kuhusu wanyama wa Tarangire na nyika ya Maasai mwaka 1964. Tarangire ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Yaani mienendo yao ilikuwa imeshaandikwa kabla ya mipaka hiyo kuwekwa, na bado leo tunagawa viwanja kana kwamba mnyama anaishia getini.

Sheria hazijatupungukia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakiwezesha kijiji kupanga ardhi yake, na mwaka 2018 zikatoka kanuni za shoroba, yaani mapito ya wanyamapori. Kinachokosekana ni ramani hizi mbili kukutana. Ya wanyama inakaa kwa watafiti, na wengi wao wako hapa hapa Arusha. Ya viwanja inakaa kwa afisa ardhi. Pale Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, matokeo yake unayaona kwa dirisha la basi la Babati: nyumba, shamba, nyumba, na kipande cha nyika kinachozidi kuwa chembamba.

Najua wapo watakaoguna. Kwa wafugaji wa kaskazini neno "ramani" linakuja na neno "bikoni", yale mawe ya mpaka, na bikoni zinakuja na kuhamishwa. Hofu hiyo haikuzuka hewani, na mimi siwezi kumwambia mtu aiache. Ndiyo maana nasema ramani ichorwe na wanakijiji na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Nyumbu na ng'ombe wanapenda nyika ile ile iliyo wazi. Anayeiziba kwa kuuza viwanja anawanyima wote wawili. Wapo wafugaji waliokwishaliona hili, wakachukua hati za kimila za kundi, yaani za kumiliki ardhi kwa pamoja, kwa ajili ya malisho yao. Ng'ombe wanalisha, nyumbu wanapita, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akauza ekari hamsini.

Kola za satelaiti anazovalishwa tembo shingoni zinasaidia sana kujua tembo kapita wapi saa nane za usiku. Lakini kola haijui mahali tembo walipokuwa wakipita miaka thelathini iliyopita, wala chemchemi inayofufuka mvua zikizidi. Hayo yapo kwa wachungaji, na hayana gharama zaidi ya kukaa chini na kusikiliza.

Kijiji kile sasa kinaupitia upya mpango wake. Nimeahidi kwenda na karatasi nyepesi ya kutandika juu ya ramani, na kalamu za rangi mbili, moja ya masika na moja ya kiangazi. Mzee amesema atakuja, lakini hatakuja peke yake. Ataleta layoni wawili, kwa sababu siku hizi ndio wanaolala huko.